Shule ilipomkataa binti yangu, nilidai muhuri

Januari 2024 tulihamia mtaa wa Umoja, Nairobi, kutoka Dandora, nikampeleka binti yangu shule ya msingi ya umma iliyo karibu na nyumba. Alikuwa anaingia gredi ya nne. Anatembea kwa magongo tangu utotoni. Mwalimu mkuu alimtazama miguu kabla hajafungua ripoti yake. "Mama, gredi ya nne iko ghorofani. Huyu mtafutie shule maalumu."

Nilimwomba aniandikie hayo. Akakataa. Njiani binti yangu aliniuliza kama amefeli.

Usiku huo niliandika mimi: tarehe, saa, nani alisema nini, na mwishoni, ikiwa sikusikia vizuri naomba nijibiwe kwa maandishi. Nikataja Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya, inayokataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, na kifungu cha 18 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyotumika kabla ya ile ya 2025, kilichokataza kumnyima mtu nafasi ya masomo kwa sababu ya ulemavu tu, ikiwa ana uwezo wa kujifunza. Nakala mbili. Asubuhi nikampa karani wa shule, nikasimama pale dirishani mpaka akaigonga muhuri ile yangu. Mzazi mwenzangu, usiondoke bila huo muhuri! Ukilalamika kwa mdomo utaambiwa urudi kesho, na kesho hakuna atakayekumbuka ulikuja.

Kituo cha tathmini ya elimu maalumu kilimpima, kikaandika kwamba anaweza kusoma shule ya kawaida darasa likiwa chini. Nikapeleka karatasi zote ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na nakala kwa Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa. Kwa afisa wa elimu nilienda mara tatu. Mara ya tatu alisoma barua mpaka mwisho, akampigia mwalimu mkuu simu nikiwa nimeketi hapo, akamuuliza kwa nini darasa lisishushwe.

Siku nne baadaye gredi ya nne na gredi ya kwanza zikabadilishana vyumba. Madawati yalibebwa mchana mmoja, basi. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba lilikuwa jepesi kiasi hicho.

Kilichobaki ni choo. Ni cha kuchuchumaa, hakina pa kushika, kwa hiyo mtoto hanywi maji mpaka arudi nyumbani. Barua ya choo nimeshaipeleka. Ina muhuri wa tarehe 11 Machi.