Nilivyompelekea Mama Angelus

Mama hakuniomba picha. Alitaka tu kitu cha kuziba pengo ukutani, kalenda ya parokia ilipokwisha. Mimi ndiye niliyeukumbuka mchoro wa Angelus wa mchoraji Mfaransa Jean-François Millet, alioumaliza mwaka 1859: mume na mke shambani, jua linazama, uma wa kuchimbia viazi umechomekwa ardhini, kapu liko miguuni pao, nao wameinamisha vichwa kwa kuwa kengele ya sala ya Malaika wa Bwana, ndiyo Angelus, imelia. Mama naye, huko kwenye migomba yake Kilimanjaro, saa 12 jioni ikigonga huweka jembe chini hata kama umebaki mstari mmoja.

Millet alifariki mwaka 1875, kwa hiyo hakimiliki ya mchoro huu iliisha zamani. Nilipakua nakala kubwa, nikaenda kuprinti.

Mara ya kwanza nilipata hasara. Kijana wa dukani aliniambia, "A2 tu, bosi, inatosha." Mchoro wenyewe, ulioko Musée d'Orsay jijini Paris, una sentimita 55.5 kwa 66. Unakaribia mraba, wakati karatasi ya A2 ni ndefu. Akaivuta mpaka ikajaa karatasi, mwanamke wa watu akatoka mnene na kapu likawa kama karai. Kilichoniuma zaidi ni giza. Kioo cha simu kina mwanga wake, karatasi haina. Mnara wa kanisa la kijiji cha Chailly, ule mdogo kule mbali upande wa kulia inakolia kengele, ulimezwa kabisa. Ukiuondoa mnara, unabaki na watu wawili wanaoombolezea viazi.

Safari ya pili nilikwenda na vipimo vyangu: sentimita 60 kwa 50.5, na faili yenye pikseli 4,800 upande mrefu, yaani kama 200 kwa kila inchi. Karatasi ya pamba isiyong'aa. Kabla ya kuprinti yote nikaomba kipande cha upana wa kiganja, sehemu ya mnara tu. Kikatoka cheusi. Tukaongeza mwanga kidogo, tukatoa kingine. Cha tatu ndicho kilichoonyesha mnara huku jioni ikibaki jioni, maana ukizidisha mwanga inageuka saa 6 mchana. Fundi fremu alitaka kuweka kioo kinachong'aa, nikakataa. Sebule ya Mama inatazama mlango, mwanga ungerudi kwenye kioo na picha isingeonekana.

Nilipomkabidhi nilimsimulia alichosema Millet mwenyewe: kwamba aliichora akimkumbuka bibi yake, ambaye kengele ikilia aliwasimamisha kazi shambani wawaombee marehemu. Mama akanyamaza. Baba ana miaka minne tangu atutoke.

Kisha akasogea karibu, akamtazama yule mwanamume na kofia yake mikononi.

"Huyu hasali," akasema. "Anamsubiri mkewe amalize. Baba yako alikuwa hivi hivi."