Kupumzika tu

Neno lenyewe lina herufi mbili, na tangu Jumanne halijaniacha nilale. Tu.

Wiki imekuwa nzito, nisiwadanganye. Dada kajifungua salama (wa kiume, hatimaye), na jana nimekabidhi funguo, kompyuta na kitambulisho baada ya miaka 7, nikapigwa picha na wenzangu, nikalia kidogo chooni. Yote yamepita. Kilichoganda kichwani ni simu ya dakika 4.

Alikuwa bosi mpya. Anaongea kwa upole, ndiyo maana nilichelewa kuhisi nimechomwa.

"Tunakusubiri kwa hamu huku. Hivi, huwezi kuanza Jumatatu hii?"

"Nilipanga kuanza tarehe 16."

"Aa, una safari?"

"Hapana, sina safari."

"Una mgonjwa?"

"Hapana. Nilitaka kupumzika tu."

"Sasa kama ni kupumzika tu..."

Hakumaliza. Hakuwa na haja ya kumaliza, nilishamsaidia. Nikajisikia nasema, "Basi ngoja niangalie, nitakujulisha." Niangalie nini? Tarehe 16 imeandikwa kwenye mkataba, na sahihi zetu sote wawili ziko chini yake. Kalenda yangu haina kitu kabla ya hapo, na huo utupu ndio niliokuwa nimeupanga tangu siku ile niliyoandika barua ya kuacha kazi.

Nimemjibu mara mia tangu siku hiyo, nikiosha vyombo, nikipiga mswaki. "Ndiyo, nina safari." (Uongo.) "Soma mkataba, bosi." (Kavu mno kwa mtu ambaye sijaanza hata kumfanyia kazi.) "Nitalala." (Kweli tupu, na ndiyo nisiyothubutu.) Mume wangu, mnamjua asivyo na subira na maigizo yangu, akasema, "Ungenyamaza baada ya 'sina safari'." Huwa ananiudhi akipatia.

Jumatano usiku nikaenda kutafuta silaha. Nikakikuta Kifungu cha 24 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948: kila mtu ana haki ya kupumzika. Nikaukuta pia Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970: likizo isiyopungua wiki 3 kwa mwaka, ingawa mgeni kazini anaweza kusubirishwa hadi miezi 6 kabla ya kuistahili. Vizuri. Ila wiki zangu mbili hazimo humo. Si likizo ya nilikotoka wala ya ninakoenda. Hazina fomu, hazina mshahara, hazina wa kuziidhinisha. Mlinzi wake ni mimi, na mimi ndiye niliyeacha geti wazi. Msiba una heshima yake, harusi ina yake. Kulala hakuna anayekutetea.

Alhamisi asubuhi nikamwandikia. "Samahani" niliifuta mara mbili. Ikabaki hivi: "Habari za asubuhi. Kuhusu swali lako la Jumanne, nitaanza tarehe 16 kama tulivyokubaliana. Kabla ya hapo sitakuwa kwenye simu wala barua pepe za kazi."

Dakika mbili hazijaisha, jibu: "Sawa kabisa. Karibu sana tarehe 16."

Basi! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Siku mbili namhutubia mtu ambaye pengine aliuliza kama anayeuliza kiti kina mwenyewe, akiambiwa kinaye anasogea cha pili. Nikatembea nyumba nzima nikiwa mwepesi, nikazima hata kengele ya saa 11 alfajiri.

Raha hiyo imedumu mpaka leo asubuhi, simu ilipoita. Kazi ya zamani. Faili fulani halifunguki, neno la siri ni lipi? Nikakumbuka kwamba jana, katikati ya picha na machozi, nilisimama mbele yao wote nikasema, "Mkikwama nipigieni wakati wowote." Hakuna aliyeniomba. Hawa hata mkataba nao sina tena, na bado nimewapa kile ambacho nimemnyima bosi mpya. Nimewatajia neno la siri. Wakipiga Jumatatu sipokei. Nadhani sipokei.

Na jino la juu kushoto limeamka tena, lile la mwezi wa kumi. Bima ya kazi ya zamani inakwisha leo saa 6 usiku.