Ukikataa kupuliza kipimo cha pombe Texas, siku 15 zimeanza kuhesabiwa

Nyama choma za Waafrika Mashariki hapa Dallas hazikosi wakili wa mtaani, chupa mkononi: "Polisi wakikusimamisha wakidhani unaendesha umelewa, usipulize. Bila kipimo hawana kesi." Kuna ukweli kidogo hapo, ila mengine aliyoyaacha ndiyo yanayowanyang'anya watu leseni.

Ukikataa, polisi anakusomea onyo la kisheria, anachukua leseni na kukupa karatasi. Wengi wanaikunja na kuitia mfukoni wakidhani inahusu kesi ya ulevi. Hapana. Una siku 15 za kuomba usikilizwe kuhusu leseni. Usipoomba, inafungiwa kuanzia siku ya 40 tangu upewe karatasi hiyo, na kwa mara ya kwanza ni siku 180. Kesi ya jinai ni nyingine kabisa, na huenda wakati huo haijapangiwa hata tarehe.

Halafu kipimo chenyewe unaweza usikikwepe. Mwaka 2013, katika kesi ya Missouri dhidi ya McNeely, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja kwamba pombe kuyeyuka mwilini kunatosha, peke yake, kumruhusu polisi achukue damu bila hati ya jaji. Basi polisi wanaitafuta hati hiyo usiku huo huo. Wikiendi za sikukuu kuna majaji wanaokesha kwa kazi hiyo. Unajikuta umekataa kupuliza na damu yako wanayo, na mwendesha mashtaka anaruhusiwa kuliambia baraza la raia wanaoamua kesi kwamba ulikataa.

Jamaa mmoja tunayesali naye, dereva wa lori, aliombewa usikilizwaji na wakili wake mapema. Kwake haikuwa siku 180 tu: sheria ya shirikisho inamwondoa dereva wa lori barabarani mwaka mzima akikataa kipimo, hata kama alikuwa na gari lake dogo la nyumbani. Wakili akahakikisha polisi anaitwa rasmi, akamuuliza chini ya kiapo: kwa nini ulimsimamisha? Akajibu gari lilikuwa linayumba. Video ya gari la polisi ikaonyesha limetulia kwenye mstari wake. Leseni ikapona, na maneno yale ya kiapo yakawa silaha kwenye kesi ya jinai. Kusema kweli, hata ukishindwa hapo, kumsikia polisi mapema namna hiyo kunafaa gharama yake.

Asiye raia ana shimo la tatu. Tangu Septemba 2019, Texas inaruhusu mshtakiwa wa mara ya kwanza akiri kosa, atumikie kipindi cha uangalizi, kisha kesi ifutwe bila hukumu. Kijana mmoja mwanafunzi aliletewa mpango huo akaufurahia sana. Kwa uhamiaji, kukiri huko pamoja na uangalizi kunahesabiwa kuwa hukumu, hata jimbo likishaifuta. Na viza yake ilikuwa tayari imefutwa kwa sababu ya kukamatwa tu. Anaweza kuendelea na masomo, lakini akitoka Marekani lazima aombe upya ubalozini. Wakili wake wa jinai, ambaye Mahakama Kuu tangu 2010 inamtaka amshauri mteja kuhusu hatari ya kufukuzwa nchini, hakugusia lolote. Ilibidi tumchangie fedha za wakili wa uhamiaji. Mpango ameukataa. Sasa anasubiri raia 6 wasikilize kesi.