Kalamu yangu ya wino ya mia saba, na fila geji iliyoiponya

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema kalamu za wino za bei rahisi ni takataka. Si takataka. Yangu nilinunua mia saba na ushee, ikanitesa karibu mwezi mzima, na leo ndo ninayoishika toka asubuhi mpaka jioni, na ukiniletea ya elfu kumi tubadilishane wallahi sikupi.

Mie nakaa Likoni, Mombasa, nafanya kazi mjini kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kompyuta zimejaa humo lakini bado kuna daftari kubwa ambalo kila kontena lazima liandikwe kwa mkono, namba yake, namba ya sili, gari, dereva, saa ya kutoka. Jumapili naandika tena, maana mie ndo katibu wa chama chetu cha kina mama. Mwaka jana kidole gumba kikaanza kuniuma, kwanza jioni jioni tu, halafu ikawa hata kufungua chupa ya maji ni kazi. Biro lazima uikandamize ndo iandike, na mie nlikuwa nakandamiza kutwa nzima miaka kumi na moja. Kalamu ya wino haitaki nguvu, uzito wake wenyewe unatosha, unaiongoza tu. Hilo ndo lililonivuta, si urembo.

Basi nikanunua ya Kichina, ya chuma, nzito kidogo, nibu (ile ncha ya kuandikia) kubwa, na ndani ina kile kipompo cha kuzungusha cha kuvutia wino. Zile za Pilot Metropolitan na Lamy Safari wanazozisifu nlizitamani lakini kwa bei ya kuziagiza mpaka zifike hapa, hapana, nna karo za kulipa.

Sasa kosa la kwanza, na hili nalieleza kwa urefu maana najua kuna mtu atalirudia. Kalamu haikuja na wino. Nkatoka kazini nkapita kibanda kimoja cha vifaa vya shule nkauliza wino, kijana akaniambia "mamangu, wino ni wino," akanitolea kichupa cha plastiki cha wino wa muhuri, ule wa zambarau. Nkachukua. Usiku nkaujaza, nkaandika mstari wa kwanza, ukatoka mzuriii, mnene, unang'aa. Nkasema nimepata. Nkafunga daftari nkalala. Asubuhi nafungua, ukurasa wa pili umenakiliwa wote kinyumenyume, wino haujakauka! Usiku kucha! Nkagusa kwa kidole, kidole kikawa zambarau, nkajifuta kwenye leso, leso ikawa zambarau. Baadaye ndo nkaelewa, wino wa muhuri umetengenezwa usikauke haraka kwenye kile kijitanda cha sponji, una mafuta mafuta yake ya kuuweka majimaji, sasa vipi utakauka kwenye karatasi? Na ni mzito, ukiingia kwenye vile vijia vyembamba vya kalamu unakaa humo humo. Siku ya tatu kalamu haikutoa hata nukta.

Kuusafisha ilinichukua jioni tatu. Maji ya vuguvugu, si ya moto, na tone moja la sabuni ya vyombo, navuta kwa kipompo natema, navuta natema, beseni linageuka zambarau, namwaga, naanza upya. Jioni ya pili nkaiacha nibu imelala kwenye glasi mpaka asubuhi. Na kumbuka maji ya kisima chetu yana chumvi, ukiyaacha yakauke kwenye sufuria unaona ukungu mweupe, kwa hivo suuza ya mwisho nlitumia maji ya kunywa ya dukani, sikutaka ule ukungu ubaki ndani. Kipompo mpaka leo kina doa la zambarau halitoki. Kuna mtu kazini aliniambia nimwagie spiriti itaondoka yote mara moja, sikumsikiliza, spiriti inapasua baadhi ya plastiki, unakuta vinyufa kama kioo kilichogongwa. Mwingine akaniambia nipashe nibu kwa kiberiti. Kiberiti! Na chini ya nibu kuna plastiki!

Wino tena, kabla sijasahau, na ule mweusi wa wachoraji wanaouita wa Kihindi usitie pia, una gundi ndani yake, ukikauka haurudi. Mie nkaenda duka kubwa la vitabu Moi Avenue nkanunua Quink ya buluu, wino wa kalamu hizi hasa, chupa ya kioo, ilikuwa kama elfu moja hivi au pungufu kidogo, na bado haijafika nusu.

Nkajaza. Nkaandika. Maneno matatu sawa, la nne linakatika. Nkiandika "kontena" inatoka "ko tena". Nkikandamiza inaandika, nkiachia inakauka, sasa faida iko wapi, si nimerudi kwenye biro? Muuzaji aliponiuzia alisema "andika tu mama, itazoea mkono wako." Nliandika kurasa ishirini nzima nikiisubiri izoee. Haikuzoea. Chuma hakizoei mtu kama hakijakaa sawa, na haya maneno ya kuzoea ndo yanayowafanya watu watupe kalamu nzima.

Kilichonifungua macho ni fundi wa saa, mzee mmoja anakaa na kimeza chake upande wa Mwembe Tayari. Nlimpelekea saa ya mpwa wangu kubadilisha betri, nkamuomba aniazime ile lenzi yake ya jichoni niangalie nibu. Akacheka, akasema "lete binti, niangalie mie kwanza." Akaigeuza akaielekeza kwenye jua. Akaniambia, "Hii midomo imebanana. Hapana njia hapa."

Nkaangalia na mimi. Nibu, kwa asiyejua, ina mpasuo katikati unaotoka kwenye kile kitundu mpaka kwenye ncha, kwa hivo ncha ni midomo miwili iliyokaribiana. Wino unashuka kwenye ule mpasuo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, haumwagiki, unavutwa na wembamba wa njia. Njia ikiwa pana sana huko nchani wino unashindwa kufika, ikibanana kabisa hauna pa kupita. Ukiishika nibu dhidi ya mwanga wa dirisha unatakiwa uone uzi wa mwanga unaozidi kuwa mwembamba mpaka unakaribia kupotea kwenye ncha. Yangu haikuwa na uzi, ilikuwa giza toka katikati. Ndo maana nkikandamiza inaandika, nlikuwa naipanua midomo kwa nguvu ya mkono wangu!

Sasa kuipanua. Wanaojua wanatumia kijibati cha shaba nyembamba sana. Kijibati hicho mjini hapa sikukipata, nliuliza mpaka kwa mafundi wa dhahabu. Wembe nlijaribu kufikiria, nkaacha, wembe una makali na unakwangua. Kisha siku moja niko kwenye tuktuk natoka feri, ikazima njiani, dereva akaita fundi, fundi akafungua akatoa kile kifaa chao cha vijibati vingi vimefungwa pamoja kama kipepeo, anapima nafasi ya vali. Fila geji. Kila kijibati kimeandikwa unene wake. Nkashuka nkamuuliza, "Mwanangu, kile chembamba kabisa ni ngapi?" Akanionyesha: 0.05. Milimita 0.05! Ndo kipimo kile kile nlichokuwa nakitafuta mwezi mzima, kiko kwenye mfuko wa fundi wa tuktuk kimejaa grisi.

Nlimlipa mia mbili nkae nacho mpaka kesho yake. Nyumbani nkakiosha, nkaichomoa nibu kwa kuishika na kipande cha tyubu ya baiskeli ili isiteleze. Nibu na ule ulimi wa plastiki ulio chini yake vinatoka pamoja, vuta moja kwa moja, usizungushe. Halafu nkaingiza kona ya kijibati kwenye mpasuo, upande wa kile kitundu, nkaivuta polepole mpaka ikatoka kwenye ncha. Mara moja. Nkaangalia kwenye balbu. Mara ya pili. Nkaangalia. Mara ya nne nkauona ule uzi wa mwanga, mwembamba kama unywele. Nkasimama hapo hapo, sikutia hata mara moja zaidi, maana kuipanua ni dakika na kuirudisha ni taabu.

Nkairudisha, nkajaza, nkaandika "kontena" mara hamsini. Zote zikatoka. Nlimuita mpwa wangu kutoka chumbani aje aone, saa tano za usiku.

Ule ulimi nao nimeuheshimu tangu siku ile. Una vijia vyembamba vya kushusha wino na vya kupitisha hewa iingie juu badala ya wino uliotoka, bila hewa kuingia wino unagoma. Mmarekani mmoja, Lewis Waterman, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya ulimi wa namna hiyo mwaka 1884, na mpaka leo kalamu yangu ya mia saba inafanya kazi kwa njia ile ile. Kwa hivo ukiosha, usisahau ulimi, pitisha mswaki laini kwenye vile vijia.

Ilibaki kukwaruza. Ilikuwa ikienda kushoto inakwaruza, ikirudi kulia laini. Ikiwa inakwaruza upande mmoja tu jua midomo haiko sawasawa, mmoja umepanda juu ya mwenzake. Nkarudi kwa mzee wa saa, akaniuzia lenzi kuukuu inayokuza mara 10, na kweli, mmoja ulikuwa juu kwa kiasi ambacho bila lenzi ungeapa wamelingana. Nkaubonyeza chini kwa ukucha wa gumba, nkahesabu mpaka tano, nkaachia, nkaangalia. Mara tatu ukakaa. Watu wanakimbilia msasa kabla ya kuangalia, na msasa unakula kile kidonge kigumu cha nchani, kikiisha hakirudi. Mie nilipomaliza kulinganisha ndo nkachukua bafa ya kucha ya dada yangu, ule upande laini kabisa wa kung'arishia, nkaandika namba nane juu yake kama sekunde kumi na wino ukiwa ndani. Basi. Ikawa inateleza kama mafuta kwenye kisahani.

Wino kumwagika nako kuna sababu yake hapa kwetu. Mchana mmoja niko kwenye feri, joto la Machi, kalamu imelala kwenye mkoba, wino umebaki robo. Nafika ofisini kwenye kipoza hewa, nafungua kifuniko, kimejaa wino, nkachafua risiti ya mteja. Hewa iliyo ndani ya kipompo ikipata joto inatanuka inasukuma wino nje, na kadiri wino ulivyo mchache ndo hewa ilivyo nyingi. Siku hizi nikivuka feri huwa nimeijaza kabisa au nimeimwaga yote, na naiweka imesimama, nibu juu, kwenye mfuko mdogo wa pembeni wa mkoba. Haijamwagika tena.

Makosa ya karatasi usiyatupie kalamu. Daftari nyingi za shule wino unasambaa kama mizizi na unatokea nyuma. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inavumilia, na lile daftari letu la ofisi lenye jalada gumu limeniridhisha, ila ukurasa wa mwisho mwisho karibu na mshono unakunywa zaidi, sijui kwa nini lakini nimeuona mara nyingi. Fomu za kabonkopi zile za nakala tatu sigusi kwa kalamu hii, hapo lazima ukandamize, kwa hivo biro moja ninayo bado kwenye droo.

Gumba? Limepoa. Sijasema limepona kabisa, lakini chupa ya maji nafungua mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi naiosha kalamu hata kama inaandika vizuri, na kila siku kifuniko nakirudisha hata nikisimama kuongea na mtu dakika mbili, maana upepo wa feni unakausha ncha upesi.

Juzi mwenzangu wa meza ya pili kaja na yake, kanunua baada ya kuona yangu, ananiambia dada hii mbovu, inakatika katika, nataka kuirudisha dukani. Nkamwambia iweke kwanza dirishani. Tukaangalia wote wawili. Giza tupu toka kwenye kitundu mpaka nchani. Jumamosi tunaenda pamoja kumtafuta yule fundi wa tuktuk.