Kumbukumbu ya mradi: MX-5 inayochaji nusunusu

Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, injini B6 ya lita 1.6. Dalili: kwenye foleni ya Mombasa Road usiku wa mvua, taa za mbele hufifia na wipa huzembea. Asubuhi stata huvuta kwa shida. Taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki kabisa. Ukienda Grogan, kwa wauza spea wa Nairobi, na maelezo hayo utauziwa altaneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) kabla hujamaliza kusalimia, kwa hiyo multimita, kipimo cha umeme, kwanza.

Kwenye MX-5 betri iko ndani ya buti, altaneta iko mbele. Umeme huja nyuma kwa waya mrefu na kurudi kupitia bodi ya gari, kwa hiyo viungo ni vingi na kila kimoja chaweza kula volti.

Betri ilichajiwa kwanza hadi volti 12.6 ikiwa imetulia, maana betri dhaifu huharibu vipimo vyote. Kisha injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, taa kamili na feni ya ndani zikiwa zimewashwa. Bila mzigo huo hasara haionekani.

Kwenye teminali B ya altaneta (panapotokea umeme wa kuchaji) hadi bodi yake: volti 14.40. Kwenye nguzo za betri: 13.10. Altaneta ni nzima, volti 1.30 zinapotelea njiani. Multimita ikiwekwa kati ya B na nguzo chanya ilisoma 0.35, na kati ya bodi ya altaneta na nguzo hasi, 0.95. Upande wa hasi haufai kuzidi 0.2. Ukaguzi ukaendelea kipande kwa kipande: betri hadi chasi 0.05, altaneta hadi bloku ya injini 0.02, bloku hadi chasi 0.88. Mwizi ni waya wa ethi wa injini, yaani ule wa hasi unaounganisha bloku na chasi.

Hapo ndipo taa ya dashibodi hupotosha watu. Regyuleta, kidhibiti cha volti, imo ndani ya altaneta na hupima ikitumia bodi ya altaneta yenyewe kama ethi. Hasara iliyo nje ya hapo haiioni, hivyo haina la kulalamikia.

Waya ulifunguliwa: kutu chini ya kichwa cha bolti, na rangi mpya ya chasi imepakwa hadi pale kiungo kinapokaa. Sehemu zote mbili zimesuguliwa kwa msasa hadi chuma kimeng'aa, waya mpya wa mm² 25 umefungwa, mafuta ya mgando yamepakwa juu *baada* ya kukaza. Bolti za fyuzi kuu ya 80A zimesafishwa pia. Sasa hasi ni 0.13, chanya 0.18, na betri inapata 13.92. Mawimbi ya AC ni volti 0.03, kwa hiyo diodi, zinazogeuza AC ya altaneta kuwa DC, ni salama.

Shida ya asubuhi ilibaki. Gari likiwa limezimwa na kufungwa, baada ya dakika 20 mkondo uliotoka kwenye betri ulikuwa mA (miliampea) 205. Kuchomoa traka kukaushusha hadi 25. Hizo 180 hula karibu Ah (ampea-saa) 4.3 kwa siku, na betri hii ni ya Ah 32: wiki moja tu imekwisha. Traka itabadilishwa.

Betri nayo ikibadilishwa, iwe ya AGM (iliyofungwa, asidi yake imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo) au yenye tundu la mpira wa kutolea gesi. Betri ya kawaida humwaga haidrojeni ndani ya buti.