Nilivyofanikiwa kupima ndege anachagua tunda gani

Ukihesabu matunda yaliyoliwa peke yake, hujajua bado ndege anapenda nini. Shore akishinda kwenye mkuyu mmoja wiki nzima, huenda ni kwa kuwa mikuyu mingine bado mibichi. Ndiyo maana katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, mimi huanza na mti kabla ya ndege.

Nachagua matawi 5 yanayoonekana vizuri kwa darubini, nayafunga utepe, kisha nahesabu matunda mabichi, yanayogeuka rangi na yaliyoiva. Narudia kila baada ya siku 3. Bila hesabu hii, kazi yote inayofuata haina mizani.

Kisha nakaa umbali wa mita 30 hivi, kuanzia saa 12 alfajiri hadi saa 4 asubuhi. Namfuata ndege mmoja tu tangu atue hadi aondoke, na kuandika alichomeza, alichodonoa na alichoangusha. Kwangu lililoangushwa ndilo lenye thamani zaidi. Hondohondo hushika tunda kwa ncha ya mdomo, akaligeuza, na mara nyingine akaliachia. Naliokota na kulipasua papo hapo: ni gumu? Lina funza? Hapo ndipo sababu ya kukataa inapoonekana.

Chini ya mti natundika vipande 4 vya neti kuukuu ya mbu vya kukinga mabaki na kinyesi, mita 1 kwa 1, nusu mita juu ya ardhi ili siafu na panya wasifikie. Natandaza alfajiri na kukunja jioni. Ukiacha usiku kucha, popo watakuharibia hesabu, kwani hutafuna kuyu, hunyonya maji yake na kutema makapi yaliyobanwa kama kidonge. Asubuhi ni rahisi kudhani ni mabaki ya ndege.

Kipimo cha kwanza cha tunda lenyewe ni upana. Kwa kalipa, yaani kifaa cha kupima unene, napima kipenyo chembamba, si urefu, maana ndege huligeuza tunda lipite kooni kwa ncha. Tunda la msizi hondohondo hulimeza zima, baadaye akatema kokwa safi mbali na mti. Shore hawezi, hubaki kudonoa nyama yake. Msizi uliletwa Amani na watu, lakini aliyeuingiza ndani ya msitu wa asili zaidi ni hondohondo.

Kwa utamu natumia refraktomita, kifaa kidogo kinachoonyesha kiasi cha sukari katika tone moja la maji ya tunda. Ila kifaa hiki kina mapungufu mawili. Hakitofautishi aina za sukari, ilhali ndege wa jamaa ya kwenzi hawana kimeng'enya cha kuvunja sukrosi, yaani sukari ya miwa. Kwao linalofaa ni tunda lenye glukosi na fruktosi. Pili, hakioni mafuta. Ganda jekundu laini linalofunika mbegu ya mtimaji lina mafuta mengi na ndege huligombea. Hapo nalikamua juu ya karatasi na kuiacha ikauke: maji hupotea, doa la mafuta hubaki.

Usidhani pia kwamba kila mla tunda hueneza mbegu. Ninga, njiwa wa kijani, humaliza makuyu kwa wingi, lakini firigisi yake ina nguvu na husaga mbegu nyingi. Kinyesi chake nakichambua peke yake, sikichanganyi na cha shore.

Kosa lililonisumbua zaidi ni matunda ya ncha za vijiti. Yakibaki mtini, unaandika kuwa yamekataliwa, kumbe hondohondo ni mzito na kijiti hakimbebi. Kuzumburu, anayejua kuning'inia, huyafikia bila shida. Siku hizi matunda ya tawi nene na ya kijiti chembamba yana safu mbili tofauti katika daftari langu, na hesabu ya kila ndege huilinganisha na safu anayoweza kuifikia tu.