Vitufe 11 na Saa 8 Asubuhi

Kazi yangu ni kutunza tovuti ya kampuni ndogo ya kutembeza wageni. Ofisi yetu iko Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho hata vespa hupita kwa kuomba njia. Nilipoikuta, tovuti ilikuwa na kurasa 43 na ilishapitia mikono ya mafundi watatu. Wa kwanza alipenda buluu, wa pili machungwa, wa tatu sijui alipenda nini maana alitumia zote.

Bi Mkubwa, ndivyo tunavyomwita mwenye kampuni, hakuwa na habari na hayo mpaka siku alipofungua kurasa mbili kwenye simu yake mbele ya mgeni. Mgeni alipoondoka akanigeuzia simu. "Mwanangu, hii ni kampuni moja au mbili?"

Usiku ule nilipiga picha za skrini kurasa zote. Asubuhi nikazichapisha, nikatandika mkeka ofisini, nikakaa chini na mkasi. Nikakata kitufe kimoja kimoja na kuvipanga kwa kufanana. Pangaboi nililizima kwa sababu lilikuwa linavipeperusha, na joto la mwezi wa pili mnalijua wenyewe. Nilipomaliza nilikuwa na vitufe vya sampuli 11, buluu za aina 7 na saizi 14 za maandishi. Bi Mkubwa akaingia na chai yake ya tangawizi, akainama, akaokota vitufe viwili vya buluu akavishika sambamba kwenye mwanga wa dirisha.

"Ukiletewa doti ya kanga namna hii, kipande hiki na hiki, si unamrudishia mwenye duka?"

Sikuwa na la kuongeza. Akanipa wiki tatu tovuti nzima iwe na sura moja.

Rangi na saizi ndiyo sehemu nyepesi. Kwenye CSS, lugha ya kupangia sura ya kurasa za tovuti, unaiandika rangi mara moja tu juu ya faili, unaipa jina linaloanza na vistari viwili, halafu kwengine kote unaliita jina. Vitufe nikabakisha aina mbili, kikuu na cha pili. Saizi za maandishi nikabakisha 5, ya kawaida ikiwa pikseli 16, ambayo ndiyo vivinjari vingi huanza nayo, na zote nikaziandika kwa rem, kipimo kinachofuata saizi ya maandishi ya kivinjari, ili mtu aliyekuza maandishi kwenye kivinjari chake na ya kwetu yakue. Kitufe cha machungwa chenye maandishi meupe nilikitoa bila kusikitika. Uwiano wa mwanga wa rangi zile mbili haufiki hata 2 kwa 1, na WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Simama ufukweni Nungwi saa saba mchana na simu mkononi, utaelewa bila ya hesabu.

Kosa langu lilikuwa kuiita rangi kuu "buluu". Baada ya mwezi Bi Mkubwa akataka kijani cha jani la mkarafuu. Nikabadilisha mstari mmoja, tovuti nzima ikageuka, nikajisifu. Kumbe ndani ya faili "buluu" sasa ni kijani, na kijana anayenisaidia alimaliza asubuhi nzima akitafuta kile kijani kinatoka wapi. Siku hizi rangi naziita kwa kazi zake: rangi ya kitufe, rangi ya onyo, rangi ya kichwa.

Kilichonitoa jasho ni maneno. Ukurasa mmoja kitufe kinasema "Weka nafasi", mwengine "Buku sasa", mwengine "Tuma ombi", na vyote vinakwenda kwenye fomu ile ile. Kuna mteja alijaza mara mbili, akidhani kimoja ni cha kuulizia na kimoja ni cha kuthibitisha. Tukamwekea viti viwili peke yake.

Halafu kuna Ng'ambo. Tuna ukurasa wa matembezi ya upande ule wa mji, na ritifaa ya jina lenyewe, kile kialama cha baada ya Ng, ilikuwa imeandikwa kwa alama tatu: iliyonyooka, iliyopinda, na pahala pamoja fundi alitumia alama ya mkazo. Kwa jicho la haraka zote ni moja. Kwa kompyuta ni herufi tatu mbalimbali, kwa hiyo mtu akiandika Ng'ambo kwenye kisanduku cha kutafutia aliweza kujibiwa kuwa hakuna kitu. Nimechagua iliyonyooka kwa kurasa zote, na kisanduku nimekifunza kuzihesabu zote tatu kuwa kitu kimoja.

Saa ndiyo iliyotugharimu hasa. Safari ya kwenda kutazama kima punju Jozani huondoka saa mbili asubuhi. Aliyetafsiri kutoka ukurasa wa Kiingereza aliiona 8:00 akaiacha vilevile: "saa 8:00 asubuhi". Familia moja kutoka Dar es Salaam wakaona hapo "asubuhi" ndiyo iliyokosewa, wakaja saa saba na nusu mchana, watoto na kofia zao na chupa za maji. Gari lilishakwenda na lilikuwa njiani kurudi. Bi Mkubwa aliwaomba radhi, akawarudishia pesa, na kesho yake akawapeleka mwenyewe. Mimi hakuniambia neno, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo saa haiandikwi kwa mkono tena. Inahifadhiwa pahala pamoja, na ukurasa wenyewe unaiandika kwa lugha yake: saa 2:00 asubuhi kwa Kiswahili, ya nane kwa Kiingereza. Tarehe nazo mwezi naandika kwa jina, maana 03/04 kwetu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi.

Umebaki ukurasa wa msitu wa Ngezi, Pemba. Fundi wa pili aliutengeneza wote kama picha moja, maandishi ndani, kitufe ndani, kwa hiyo faili langu haliugusi hata nikibadilisha nini. Bi Mkubwa ana safari ya Konde mwezi ujao na ameahidi kurudi na picha mpya. Kwa sasa kitufe cha machungwa kiko pale pale, na watu wanakibonyeza, na hakiendi popote.